Simbilisi wa Safari ya Mirihi

Westerville, Columbus
19 Oktoba 2025

Kwa Shangazi yangu Cibalonza,

Salamu nyingi kutoka ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Mimi mzima, ninakula, ninalala, na asubuhi ninasali kama ulivyoniagiza, ila kwa sauti ya chini kwa sababu ukuta ni mwembamba na jirani yangu Russell hapendi kuamshwa. Wewe je? Goti linasemaje? Sylveri bado anakupitia na gari lake mwende kazini, au ameanza tena kuchelewa? Dada Grâce ukiongea naye, mwambie nawasalimu wote huko Buffalo, na theluji isiwameze.

Najua ulipotia saini karatasi zangu kama ndugu yangu wa karibu hukuelewa yote. Kiingereza cha wanasheria hata Waamerika wenyewe kinawashinda. Basi nikueleze taratibu. Nyumba hii imejengwa ndani ya ghala la zamani. Tumo wanne, na tumefungiwa siku mia mbili na arobaini, tukiishi kama wanaanga waliofika kwenye sayari ya Mirihi. Taasisi inataka kujua upweke unamfanya nini mtu aliye mbali na kwao muda mrefu namna hiyo. Hakuna simu, hakuna habari za nje. Barua tu, na kila barua inakaa ofisini siku kumi kabla ya kuingia au kutoka, ili tuonje umbali. Zangu na zako zinasomwa kwanza na kijana Mtanzania wa chuo kikuu, anaitwa Tarcisius. Ile karatasi ya mwisho uliyotia alama ilikuuliza kama nikipatwa na msiba nyumbani niambiwe au nisiambiwe. Ulitia alama kwenye "asiambiwe". Nilikuona, Shangazi.

Mlango haufungwi kwa ufunguo. Yeyote anaweza kuusukuma akatoka. Ila mmoja akitoka, kazi ya wote wanne imekwisha, na taasisi inaanza upya na watu wengine. Mimi nitakaa. Wameniahidi nikimaliza nitakuwa fundi wa umeme wa nyumba zao zijazo. Tangu tufike Amerika nimebeba maboksi katika maghala matano, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita fundi.

Sasa jambo lenyewe. Wametupa mnyama wa kukaa naye. Wanasema mbwa anakula sana na paka ana kiburi, kwa hiyo wanajaribu mdogo, asiyehitaji nafasi, ambaye siku moja anaweza kupelekwa huko kweli ili awaondolee wanaanga upweke. Kila jioni tunajaza fomu: leo umemshika mara ngapi, umejisikiaje. Shangazi, mnyama mwenyewe ni simbilisi. Yule yule wa kwetu, asiye na mkia, mwenye meno mbele na tumbo linaloburuzika chini. Wamemweka kwenye kizimba cha kioo chenye taa yake.

Wako,
Mugisho


Shively, Louisville
9 Novemba 2025

Mwanangu Mugisho,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na namsalimu pia anayekusomea barua kabla yako. Tarcisius, baba, karibu. Ukikuta kosa, sahihisha kimya kimya. Mimi nilifundishwa kuandika Bukavu, nikanyooshwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na hapa Kentucky Kiswahili changu kimeanza kupinda tena.

Goti lipo, linanikumbusha mvua kabla haijanyesha. Kazini tunafua na kukunja mashuka ya wazee kama kawaida, na sasa wameniweka nifundishe wapya, maana hakuna anayekunja shuka lenye raba pembeni kama mimi. Sylveri anapiga honi mara mbili, nami natoka. Mrundi yule ana haraka utadhani barabara inahamishwa. Huyu binti yangu Grâce bado anapiga simu kila Jumapili: "Maman, donc utabakiaka peke yako mpaka siku gani? Kuya Kenmore, chumba iko." Anataka nihamie kwake Kenmore, nami nimemwambia mimi na theluji ya Buffalo hatujaahidiana kitu. Nina kanisa langu, nina kazi, nina jiko langu. Niko sawa kabisa.

Kuhusu huyo rafiki yenu, nilicheka mpaka machozi. Simbilisi! Yaani Waamerika wamekufungia ndani na mboga, wakaiita mwenzako! Waambie wenzako kwamba kijijini kwetu Walungu kila nyumba ilikuwa na simbilisi ishirini chini ya kitanda na kando ya moto, na akinenepa tulijua Jumapili imefika: nyanya, kitunguu, pilipili kidogo, na paja la nyuma ni la mgeni. Waulize huko Mirihi sufuria wamepeleka?

Niambie, hawezi kuelea hewani kama pamba? Nimeona kwenye televisheni watu wanaelea.

Na kitu kimoja sikukielewa. Umesema "mnyama". Ni mmoja tu?

Shangazi yako anayekupenda,
Cibalonza


Westerville
14 Desemba 2025

Kwa Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na Krismasi njema mapema. Mimi mzima.

Haelei. Hii ni mfano wa nyumba itakayojengwa juu ya ardhi ya Mirihi, na ardhi hiyo ina mvuto wake, mdogo kuliko wa kwetu. Ndivyo alivyonieleza Lorena, anayelima mboga zetu chini ya taa.

Ndiyo, ni mmoja tu. Walisema akiwa mmoja atatuzoea sisi. Mwanzoni alikuwa anapiga mluzi akisikia karatasi, kama wale wa kwetu wakisikia majani. Sasa ni wiki mbili hapigi. Anakaa pembeni, manyoya yamesimama, uso ukutani. Anakula nusu. Tuliandikia ofisi, daktari wa wanyama akapitia vipimo, akajibu uzito umepungua kidogo lakini bado si wa kutisha. Tuliomba wa pili. Walikataa: hakuna kiumbe kinachoingia mpaka siku ya mwisho, maana kwenye Mirihi ya kweli hakuna wa kuwaletea. Kwa kweli wana haki.

Amewekwa kwenye chumba cha vipimo, mahali pa utulivu. Tumebadilisha maji. Tumebadilisha nyasi kavu. Tumepunguza taa. Kapteni wetu, Dana, anasema akifa tutaandika kwamba jaribio la mnyama limeshindwa. Sitaki lishindwe mikononi mwangu, Shangazi, maana mimi pekee humu nimezaliwa nao. Unajua nini ambacho mimi nimesahau?

Mugisho


Shively, Louisville
2 Januari 2026

Mugisho wangu,

Heri ya mwaka mpya. Tulikesha kanisani, tukaimba, pasta akahubiri mpaka watoto wakalala juu ya makoti. Niko salama. Grâce amenitumia buti za theluji kwa posta. Huyo binti hajui kushindwa.

Nimesoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimevaa miwani ya karibu. Sasa nisikilize. Umeniandikia simbilisi, maji yake, taa yake, manyoya yake. Watu umeishi nao miezi mitatu, na ulichoniambia ni kwamba mmoja anasema mnyama akifa wataandika. Nilikulea mimi, Mugisho. Ulipokuwa na miaka tisa ulivunja mtungi wa jirani, ukaja kunieleza habari za mbuzi. Nikajua kuna mtungi.

Kwa hiyo nitakuuliza swali moja na unijibu: mnakulia wapi?

Wakati nasubiri jibu, fanya hivi. Simbilisi wa peke yake ni mgonjwa hata akiwa mnene. Huyo si sungura. Tangu azaliwe anataka kugusana na mwenzake, na asipokuwa na mwenzake wa manyoya anataka miguu ya watu. Kwetu nani aliwahi kumweka simbilisi kwenye chumba cha utulivu? Waliishi jikoni, pale penye moto, kelele, maganda yanayoanguka na watoto wanaogombana. Mtoe huko kwenye taa zenu mumpeleke jikoni. Kizimba kiwe chini, mlango wazi, apate pa kujificha. Halafu kaeni chini na sahani zenu, wote wanne, kila siku, na kila mtu ampe jani bichi kutoka sahani yake mwenyewe. Jani bichi, sio zile punje kavu. Hao wakikosa majani mabichi wanaoza meno. Ofisi yenu ikiuliza, sema Cibalonza wa Walungu amefuga simbilisi tangu akiwa na miaka saba.

Unajua kwa nini tulifuga hao? Wenye bunduki walipopita walichukua ng'ombe, wakarudi kwa mbuzi, wakarudi kwa kuku. Simbilisi walimwangalia wakacheka, wakamwacha. Watoto wengi wa kijiji chetu waliokua, walikua kwa sababu ya kinyama ambacho askari aliona aibu kukiiba. Kwa hiyo huyo wenu asife kwa kukosa watu ilhali nyumba ina watu wanne.

Tarcisius, barua hii ni ya haraka. Hizo siku kumi zenu, zitazame vizuri.

Shangazi Cibalonza


Westerville
25 Januari 2026

Shangazi mpendwa,

Salamu, na asante. Tarcisius alizitazama siku kumi, na bado zilikuwa kumi.

Jibu la swali lako: tulikuwa hatuli pamoja. Kila mtu alichukua sahani akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Ilianza Novemba, siku yao ya shukrani, ile ya bata mzinga. Sisi tulikuwa na bata mzinga wa pakiti. Dana akasema kila mtu alete kitu cha kwao: Russell aliimba, Lorena alileta majani yake ya kwanza. Mimi nilikuwa na barua yako. Nikaisoma mezani, nikiitafsiri, nikiona raha kweli maana mimi mwenyewe ilinivunja mbavu. Nyanya, kitunguu, paja la mgeni. Nilipoinua macho hakuna aliyecheka. Lorena alikuwa analia. Alikuwa amemlalisha mnyama mapajani mwake wakati huo huo, na akamfunika masikio kwa mikono. Kesho yake nilikuta kufuli ndogo kwenye kizimba, na ndipo walipomhamishia chumba cha vipimo, mbali na mimi. Kwenye fomu Russell aliandika hajisikii salama kula na mtu kama mimi. Najua, kwa sababu aliniambia usoni. Nilijaribu kueleza, nikazidi kuharibu. Nilisema ni watamu kuliko kuku.

Sikukuandikia kwa sababu barua ilikuwa yako na sikutaka ujilaumu. Haya, sasa umejua.

Na hili nalo ulijue, maana nimechoka kuficha. Tarehe 14 mwezi huu nilisimama mbele ya mlango wa kutokea, mkono juu ya kishikio. Sikuwa nimeongea na mtu siku sita. Nilifikiri: wao watafurahi hata kazi ikiisha, mimi nitarudi kwenye maboksi, basi. Dana alipita akaniona. Nikajifanya nakagua bawaba, mimi ni fundi. Siku mbili baadaye barua yako ikaingia.

Safari hii sikuisoma kwa raha. Niliitafsiri kwa maandishi, neno kwa neno, pamoja na habari ya askari, nikaiweka mezani nikaondoka. Asubuhi Lorena alinigongea. Akaniuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi, wewe, wakati huo?" Nikamwambia mitano. Akafungua kufuli.

Dana alileta ubishi, sheria inasema kizimba kibaki kwenye chumba cha vipimo. Lorena akamwambia kwenye Mirihi sheria hiyo ataisimamia nani? Tukambeba mnyama mpaka jikoni. Tukakaa chini. Shangazi, ungewaona! Russell ana miguu mirefu, hajui aiweke wapi, anaikunja inafunguka. Siku ya kwanza tulikula tukiangalia sakafu kama watu waliopoteza sindano. Kila mtu akatoa jani. Mnyama hakugusa. Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku ya nne alitoka, akakaa kwenye kiatu cha Dana. Dana hakuinuka mpaka mguu ukafa ganzi. Jana, siku ya nane, Lorena alipotia kisu kwenye kabichi, mnyama akapiga mluzi. Mkali, mrefu, ule ule! Russell akapiga kelele kama timu imefunga. Mimi nililia, na sikuingia chumbani kulia.

Nitamaliza siku zangu, Shangazi. Nimekujibu. Sasa nijibu wewe: na wewe unakulia wapi?

Mugisho


Westerville
8 Machi 2026

Shangazi,

Nakusalimu tena kabla hujanijibu. Kwa hesabu yangu jibu lako lingefika Februari mwishoni. Halikufika. Wewe hujawahi kuchelewesha barua hata siku moja, hata kambini, ulipokuwa unaandika juu ya pakiti za unga.

Huku ni vizuri kabisa. Mnyama ameongezeka uzito, anakula kabichi, anatufuata miguuni. Ofisi imeandika kutaka kujua tumefanya nini. Dana amewajibu kurasa sita.

Lakini mimi silali vizuri. Tarcisius, ndugu yangu, najua hukuruhusiwa kujibu, nami sikulaumu. Ila kama kuna barua iko mezani kwako, au kama hakuna na unajua kwa nini hakuna, fikiria ingekuwa mama yako.

Nimewaambia wenzangu ukweli. Nitasubiri mpaka tarehe 31 Machi. Isipofika karatasi yenye maneno ya Shangazi, nitafungua mlango. Wamekubali wote watatu. Russell alisema atanishikia koti. Nimewaona wakikubali na nimeona inawauma, maana zimebaki siku themanini na moja tu, na kila mmoja ana chake anachokitaka nje ya mlango huu.

Niandikie, tafadhali.

Mugisho


Shively, Louisville
14 Machi 2026

Mwanangu Mugisho,

Usishtuke kwa mwandiko mzuri, si wangu. Anayeandika ni Witness, binti wa Kitanzania ninayesali naye, mimi nasema yeye anaandika. Kidole changu kilibanwa na mlango wa mashine kazini, wamekifunga, kinapona. Ndiyo sababu ya kuchelewa, basi. Nakula vizuri, nalala vizuri, Grâce ni mzima, kila kitu kiko mahali pake. Usiniulize tena habari za kula. Mtu mzima anakula.

Habari ya siku ile ya bata mzinga imenichoma. Mdomo wangu huu! Nilidhani nacheka na wewe peke yako. Sasa nawaandikia wenzako, na uwasomee hivi hivi, usipunguze.

Dana, Russell, Lorena: nawasalimu. Mimi ndiye shangazi wa Mugisho. Niliwaudhi bila kuwajua, na naomba radhi. Lakini mjue jambo moja. Simbilisi wangu wa kwanza nilimpata nikiwa na miaka saba, alikuwa mweupe mwenye doa kwenye jicho moja, na nilimpa jina kwa siri kwa sababu kwetu mnyama wa jikoni hapewi jina. Siku alipopikwa nilikataa kula. Bibi yangu hakunipiga. Aliniwekea paja lake kwenye sahani, akakaa kando yangu mpaka nikala, kwa sababu mdogo wangu mgongoni mwake alikuwa amevimba miguu kwa njaa na mimi nilikuwa ninafuata. Nililia nikila. Kwa hiyo, Lorena, machozi yako nayajua. Usimwogope Mugisho. Huyu amejifunza kucheka vitu ambavyo sisi tulivililia.

Na sasa mpeni jina huyo mnyama. Nawaruhusu mimi.

Mugisho, kaa humo. Ukitoka kabla ya siku yako kwa sababu yoyote ile, hata ikiwa mimi, sitakufungulia mlango wangu. Umesikia?

Shangazi Cibalonza


Westerville
12 Aprili 2026

Shangazi yangu,

Barua ya Witness iliingia tarehe 28 Machi, siku tatu kabla ya siku niliyoweka. Wakati inafika nilikuwa nimeshakunja nguo zangu. Dana aliileta mwenyewe jikoni, ameishika kwa mikono miwili. Niliwasomea. Sikupunguza wala kuongeza neno. Lorena aliomba nisome tena ile ya bibi na paja. Russell alinyanyuka akaniomba msamaha mbele ya wote kwa alichoandika kwenye fomu, nami nikamwomba wa kwangu, kisha tukala.

Jina tulipiga kura. Sasa anaitwa Shangazi. Usikasirike. Lorena anasema amepewa kwa heshima. Russell anasema ni kwa sababu anatuambia sote la kufanya kwa kupiga mluzi. Asubuhi nzima humu ni Shangazi amekula, Shangazi yuko wapi, msimkanyage Shangazi.

Taasisi imetutaka tuandike ushauri wetu kwa watu watakaopeleka wanaanga mbali kweli. Wengine wameandika mambo ya dawa na usafi. Mimi nimeandika yangu kwa Kiswahili kwanza, nikatafsiri. Nimesema wapeleke wawili, kamwe wasipeleke mmoja, kwa sababu huwezi kumtibu mtu upweke kwa kumpa mwingine ugonjwa ule ule. Nimesema mnyama asiwekwe kwenye chumba cha vipimo, awekwe pale watu wanapopikia, na kumlisha kusiwe zamu ya mtu mmoja. Nimesema pia kwamba sisi hakutuliwaza kwa kushikwa shikwa jinsi fomu inavyouliza. Alitutoa vyumbani. Wamenijibu kwamba sehemu hiyo wataiingiza kwenye ripoti kama ilivyo, jina langu chini yake.

Na kazi nimepata. Fundi. Naanza Julai.

Shangazi, kidole gani kinachomzuia mtu kuandika kwa wiki tano? Sikuulizi habari za kula, umenikataza. Nakuuliza kidole.

Mugisho


Columbus
27 Mei 2026

Mugisho, mwanangu,

Barua hii sikuipeleka posta. Nimemkabidhi Tarcisius mkononi. Ni kijana mwembamba, ana adabu, na amekubali kukupa kesho asubuhi ukiwa bado ndani, kabla hawajafungua, maana nataka usome kwanza. Mwandiko ni wangu, unauona unavyoyumba.

Nilikudanganya. Hakuna kidole.

Barua yako ya Januari ilinifikia Februari tarehe 8. Nilipofika kwa Russell na miguu yake nilicheka peke yangu jikoni. Kisha nikafika mwisho, ulipouliza ninakulia wapi. Nilikuwa nimesimama, Mugisho. Tangu uondoke nilikuwa nakula nimesimama kando ya sinki, sahani mkononi, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kulinishinda. Nikaona haya. Keshokutwa yake asubuhi, kabla ya kazi, nikasema ngoja nami nikae chini nile kama wao, angalau nifanane nao. Nikakaa, nikala ugali wa jana na maharagwe, nikafurahi. Wakati wa kuinuka goti likakataa, mkeka ukateleza, nikaanguka upande. Nyonga ikavunjika, na kifundo cha mkono wa kulia.

Sylveri alipiga honi mara mbili. Niliisikia. Nilimwita, lakini sauti haikufika barabarani, na yeye akadhani nimeumwa nikalala, akaondoka. Nililala pale sakafuni mpaka alipomaliza kazi, saa kumi jioni, akapita kuniuliza habari. Saa hizo zote simu ilikuwa mezani, naiona. Niliimba nyimbo zote ninazozijua. Niliogopa, mwanangu. Nilifikiri nikifa hapa hutajua mpaka mwishoni mwa Mei, na ni mimi mwenyewe niliyetia ile alama.

Grâce alikuja na gari kutoka Buffalo usiku huo huo, na walipomaliza kunitengeneza hospitali alinichukua Kenmore. Kwa hiyo barua ya Machi iliyosema Shively iliandikwa kitandani kwa Grâce. Witness anasali kwenye kanisa lao. Alinigombeza kwa kuandika uongo, lakini aliuandika. Tarcisius aliona muhuri wa Buffalo kwenye bahasha akanyamaza, Mungu ambariki. Barua yako iliyotaja tarehe 31 ilitufuata huko. Nilipoisoma nilihesabu siku kwa vidole, maana yangu ilikuwa njiani tayari na sikujua kama itawahi.

Ningekuambia ukweli, ungefungua mlango siku ile ile. Nakujua. Na kila mwaka ungeniambia haidhuru, huku ukibeba maboksi. Nilifanya hivyo kwa kutaka, na ningefanya tena. Lakini kusema niko sawa kabisa ilikuwa kazi ngumu kuliko mashuka yote niliyokunja. Sikuwa sawa. Nilikuwa na hamu na wewe kila siku ya hizo mia mbili na arobaini. Nilikuwa naijibu televisheni. Nilikuwa nakaa kanisani mpaka wazime taa, ili nisirudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayeniuliza nimekula nini.

Nyumba ya Shively nimeiacha. Vitu vyangu vyote viko kwenye gari la Grâce hapa nje. Nitakaa naye Kenmore, theluji na yote, na nimempa masharti: jiko la asubuhi ni langu. Ukianza kazi Julai, utakuja kwetu kila mwezi, na sikuombi, nakwambia.

Kesho tutakuwa mbele ya mlango, mimi na Grâce. Utaniona nina fimbo na nimepungua. Usishtuke, na usinikimbilie, daktari amesema nisisukumwe. Wewe simama hapo hapo mlangoni. Tangu Machi nimefanya mazoezi ya hatua ishirini kila siku, na Tarcisius amenipimia mpaka hapo ni kumi na nane. Nitakuja mimi.

Shangazi yako,
Cibalonza